Joe Cambria, Mvunaji wa Vipaji vya Kuba

Katika historia ya michezo, majina yanayohifadhiwa ni ya wachezaji, na baada yao ya walimu na wenye klabu. Mtu aliyemwona mchezaji kabla hajajulikana, akamtoa katika kiwanja cha vumbi na kumfikisha mbele ya maelfu ya watazamaji, husahauliwa mapema. Leo twapenda kuyaeleza maisha ya mmoja wa watu hao. Jina lake ni Joe Cambria, naye kwa takriban miaka ishirini na mitano alizunguka katika kisiwa cha Kuba akitafuta vijana wa kucheza besiboli kwa ajili ya klabu ya Washington, mji mkuu wa Marekani. Twaona yafaa habari zake zisomwe visiwani na maofisini pia, kwa kuwa ndani yake mna swali lisilozeeka: kisiwa kinapotoa vijana wake, ni nani anayeuandika mkataba, na ni nani anayeusoma?

Kwa wasioujua mchezo huo, besiboli huchezwa na timu mbili za watu tisa. Mrushaji wa timu moja huurusha mpira kwa nguvu na hila, na mpigaji wa timu ya pili hujaribu kuupiga kwa gongo. Hapo mwanzo klabu kubwa za Marekani hazikuwa na watu maalumu wa kutafuta vipaji. Zilinunua wachezaji kutoka klabu ndogo au kupokea habari kwa barua za marafiki. Ilipoingia karne ya ishirini ndipo zilipoanza kuajiri watu wa kusafiri kwa treni kutoka mji hadi mji, kukaa juani pembeni mwa viwanja, na kupima kwa macho mkono wa kijana, mbio zake na moyo wake. Klabu tajiri ziliweza kuajiri watafutaji kadhaa na kulipa fedha nyingi. Klabu maskini ilihitaji mtu mmoja anayejua kupata kitu kizuri kwa bei ndogo. Cambria alikuwa mtu wa namna hiyo.

Alizaliwa tarehe 5 Julai 1890 katika mji wa Messina, kisiwani Sisilia, nchini Italia. Hivyo yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kisiwa. Alichukuliwa na wazazi wake hadi Marekani akiwa bado mdogo, akakulia katika jimbo la Massachusetts. Alicheza besiboli katika ligi za chini, hata nchini Kanada, lakini hakufika ligi kuu. Baadaye alihamia mji wa Baltimore, na huko akajipatia mali kwa kazi ya udobi. Kampuni yake, iliyoitwa Bugle, ilifua na kukodisha makoti ya kazi na aproni. Kutokana na faida hiyo aliunda timu ya kampuni na kuwa na kiwanja chake, Bugle Field. Mwaka 1932 akawa mwenye timu ya Baltimore Black Sox.

Hapa hapana budi tueleze jambo moja. Tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, watu weusi walikuwa wamefungiwa mlango wa ligi kuu za Marekani. Haikuwa sheria iliyoandikwa. Yalikuwa mapatano ya kimya baina ya wenye klabu. Watu weusi walianzisha ligi zao, na Black Sox ilikuwa moja ya timu hizo. Kwa hiyo Cambria aliwajua vizuri wachezaji weusi na ustadi wao. Alikuwa mwajiri wao. Hili tulikumbuke, kwani litarudi mbele ya safari.

Wakati huohuo alinunua timu za ligi za chini, mojawapo ikiwa ya mji wa Albany katika jimbo la New York, na akawa rafiki wa Clark Griffith, mwenye klabu ya Washington. Griffith hakuwa na utajiri mwingine nje ya besiboli. Alichokula na alichowalipa wachezaji kilitoka katika tikiti za mlangoni. Kwa mtu wa hali hiyo, Cambria alikuwa neema. Alianza kumtafutia wachezaji, na kazi hiyo ikawa ndiyo maisha yake. Mwaka 1938 aliuza biashara ya udobi akabaki na besiboli peke yake.

Visa viwili vya miaka hiyo vyaonyesha tabia yake. Mwaka 1935 alimpa mkataba kijana mmoja aliyeitwa Edwin Pitts, ambaye alikuwa amejulikana kwa michezo akiwa mfungwa katika gereza la Sing Sing kwa kosa la unyang'anyi. Wakuu wa ligi za chini walikataa mfungwa wa jana asicheze na watu huru leo. Cambria hakukubali. Magazeti yaliingilia, wananchi wakagawanyika, na shauri likafika kwa kamishna mkuu wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, aliyekuwa jaji kabla ya kushika cheo hicho. Landis aliamua kwamba Pitts aruhusiwe kucheza. Pitts hakuwa mchezaji mkubwa, lakini kisa hicho kiliwafundisha Wamarekani wengi kwamba aliyemaliza adhabu yake ana haki ya kufanya kazi. Hatuwezi kusema kama Cambria alisukumwa na huruma au na hamu ya kujaza viti vya uwanja wake. Yawezekana ni yote mawili.

Kisa cha pili ni cha mwaka 1937, katika mji mdogo wa Salisbury, jimbo la Maryland, ambako alikuwa na timu nyingine. Timu hiyo ilianza kwa kishindo, ikashinda michezo 21 na kushindwa mitano. Ndipo wakuu wa ligi walipoamua kwamba mchezaji mmoja hakustahili kuandikishwa, wakazifuta ushindi zote 21. Kutoka kileleni timu ikatupwa mkiani, haina hata ushindi mmoja. Wachezaji hawakukata tamaa. Walipanda tena ngazi moja moja, na msimu ulipokwisha walikuwa mabingwa. Katika visa hivi viwili twamwona mtu asiyeogopa kugombana na wakubwa, na asiyejali sana kanuni zinapomzuia njiani.

Hata hivyo, jina la Cambria halikujengwa Albany wala Salisbury. Lilijengwa Kuba. Besiboli ilifika kisiwani humo katika miaka ya 1860, ikiletwa na vijana waliokwenda kusoma Marekani. Wakati ule Kuba ilikuwa chini ya Hispania, na vijana wengi waliupenda mchezo huo kwa kuwa haukuwa wa mtawala. Ligi yao ya kwanza ilianza mwaka 1878. Katika mashamba ya miwa kila kiwanda cha sukari kilikuwa na timu yake, na watoto walijifunza kurusha na kupiga kabla ya kujua kusoma. Griffith alikuwa na habari ya hazina hiyo tangu zamani. Mwaka 1911, alipokuwa mwalimu wa klabu ya Cincinnati, klabu hiyo iliwachukua Wakuba wawili, Armando Marsans na Rafael Almeida. Robo karne baadaye alikuwa na klabu yake mwenyewe, mfuko mwepesi, na mtu kama Cambria wa kumtuma.

Mwaka 1935 Mkuba Roberto Estalella, aliyepitia timu ya Albany, alipelekwa Washington. Baada yake njia ikafunguka. Cambria alihamia Havana kwa sehemu kubwa ya mwaka. Alionekana mitaani na viwanjani akiwa amevaa suti nyeupe ya kitani na kofia pana, sigara kubwa mkononi, huku Kihispania chake kikiwa cha kubabaisha. Watu walimzoea wakamwita Papa Joe, na hata sigara za jina hilo zikatengenezwa. Alikwenda kila mkoa. Alihudhuria michezo ya viwanda vya sukari, michezo ya shule na michezo ya mitaani. Alipomwona kijana anayemfaa, alitoa karatasi mfukoni.

Karatasi hiyo ndiyo kiini cha habari yetu. Ilikuwa ni mkataba, nao uliandikwa kwa Kiingereza. Kijana aliyewekewa mbele yake hakujua lugha hiyo, na mara nyingi wazazi wake pia hawakuijua. Hapakuwa na wakili wala afisa wa serikali. Klabu nyingine zilipokuwa zikiwapa vijana wa Kimarekani maelfu ya dola kama malipo ya kutia saini, vijana wengi wa Kuba walitia saini bila malipo yoyote ya awali, wakiahidiwa nauli na mshahara mdogo wa kila mwezi katika ligi za chini. Inakadiriwa kwamba katika maisha yake Cambria aliwaandikisha Wakuba wapatao 400. Wachache tu kati yao walifika ligi kuu. Waliosalia walirudishwa nyumbani baada ya msimu mmoja au miwili, na mahali pao pakajazwa na wengine. Kwa klabu hapakuwa na hasara, kwani alichokipata kwa bei ya chini kabisa alikiacha bila majuto.

Sisi tuliokulia katika visiwa vya karafuu hatuhitaji kufafanuliwa sana hesabu ya namna hii. Mkulima hupanda mti, hupalilia, hupanda juu kuchuma na hujaza jamvi. Bei hupangwa ng'ambo, na faida kubwa humkuta aliye mwisho wa safari. Kuba iliuza sukari ghafi kwa mpango huo, na wachezaji wake wakafuata njia ileile ya meli. Wapo waandishi wa Havana walioliona jambo hili mapema, wakamfananisha Cambria na Columbus, mtu aliyekuja kisiwani kugundua kisha akaondoka na alichokigundua.

Vita Kuu ya Pili vilipoanza, faida ya mpango wa Griffith ilionekana wazi. Wachezaji wa Kimarekani waliitwa jeshini mmoja baada ya mwingine, lakini Wakuba hawakuwa raia wa Marekani. Klabu ya Washington, iliyozoea kuwa nyuma, ilishika nafasi ya pili katika ligi yake mwaka 1943, na mwaka 1945 ilikosa ubingwa kwa tofauti ndogo sana. Katikati yake, mwaka 1944, serikali ya Marekani ilipowataka wageni hao wajiandikishe kwa ajili ya jeshi au warudi kwao, baadhi yao waliondoka, na klabu ikashika mkia. Hapakuhitajika ushahidi mwingine wa kazi waliyokuwa wakiifanya.

Lakini walikuwa Wakuba gani? Hapa ndipo tunaporudi kwenye mlango uliofungwa. Cambria aliwatafuta vijana weupe, au wenye rangi iliyoweza kupita bila kuulizwa. Wengine miongoni mwao, kama Estalella, walisemwa na watu kuwa na damu ya Kiafrika, nao warushaji wa timu nyingine hawakusita kuwalenga mpira mwilini na kuwatukana. Waliokuwa weusi dhahiri hawakuandikwa kabisa. Katika miaka hiyohiyo Kuba ilikuwa na Martín Dihigo, mtu mweusi aliyeweza kurusha, kupiga na kucheza karibu kila nafasi uwanjani kwa ustadi usio na mfano. Alicheza katika ligi za weusi Marekani, na alicheza Meksiko na kwao Kuba. Ligi kuu hakuigusa. Aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown mwaka 1977, miaka sita baada ya kufa kwake. Cambria, aliyewahi kuwalipa mishahara wachezaji weusi wa Baltimore, hawezi kusemwa kwamba hakujua thamani ya alichokipita. Aliifuata amri ya soko, na soko lilikuwa la kibaguzi. Hata baada ya Jackie Robinson kuuvunja mlango huo mwaka 1947 mjini Brooklyn, klabu ya Washington ilisubiri hadi Septemba 1954 kumchezesha mtu mweusi wa kwanza, naye alikuwa Mkuba, Carlos Paula.

Mwaka 1946 Cambria alishiriki kuanzisha timu ya Havana Cubans, iliyoingia katika ligi ya chini pamoja na miji ya Florida. Timu hiyo ilitamba, na nyota wake alikuwa mrushaji mfupi kutoka mashambani, Conrado Marrero. Marrero alifika Washington mwaka 1950 akikaribia umri wa miaka 39, wakati ambao wengi huwa wamekwisha kustaafu, na mwaka uliofuata akateuliwa miongoni mwa wachezaji bora wa ligi. Alifariki Havana mwaka 2014, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 103. Katika miaka ya 1950 Cambria aliwapata vijana wengine ambao majina yao yalidumu: warushaji Camilo Pascual na Pedro Ramos, na kijana mwembamba mwenye mbio aliyeitwa Zoilo Versalles.

Ipo hadithi maarufu kwamba Cambria alimpima Fidel Castro kama mrushaji na nusura amwandikishe, na kwamba historia ya dunia ingekuwa nyingine kama angefanya hivyo. Hadithi hiyo hupendeza masikioni, lakini wanahistoria walioichunguza hawakupata ushahidi wa kuithibitisha. Castro aliupenda mchezo, lakini hakuwa mchezaji wa kiwango hicho. Tunaitaja ili msomaji akiisikia asiichukue kuwa kweli.

Kilicho kweli ni kwamba mapinduzi ya mwaka 1959 yaliifunga njia ya Cambria. Mwezi wa Julai 1960 timu kubwa ya Havana, Sugar Kings, ilihamishiwa Marekani msimu ukiwa katikati. Januari 1961 Marekani ilivunja uhusiano wa kibalozi na Kuba, na mwaka huohuo ligi ya kulipwa ya kisiwani ikafikia kikomo. Klabu ya Washington nayo ilikuwa imehamia jimbo la Minnesota na kupewa jina la Twins. Katika kundi la mwisho la vijana aliowaandikisha Cambria alikuwamo mtoto wa mkulima kutoka mkoa wa Pinar del Río. Jina lake halisi lilikuwa Pedro Oliva, lakini alisafiri kwa hati za ndugu yake Antonio, na ulimwengu ukamjua kwa jina la Tony. Kundi hilo lilipitia Meksiko kutafuta viza katika siku za uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe, likachelewa kufika kambini. Oliva alitazamwa kwa siku chache kisha akaambiwa hatakiwi. Kurudi nyumbani hakukuwa rahisi tena. Watu wa klabu ndogo walimwonea huruma wakamtafutia nafasi katika daraja la chini kabisa, na huko alipiga mpira kwa namna iliyowashangaza wote.

Cambria hakuyaona matunda hayo. Aliugua, akapelekwa Minnesota kwa matibabu, na alifariki Minneapolis tarehe 24 Septemba 1962, akiwa na umri wa miaka 72. Mwezi uliofuata dunia nzima ilikuwa ikiitazama Kuba kwa sababu ya makombora, na hakuna aliyekumbuka besiboli.

Miaka mitatu baada ya kifo chake, mavuno yalikamilika. Mwaka 1965 Twins walishinda michezo 102, wakawa mabingwa wa ligi yao, wakakosa ubingwa wa taifa kwa mchezo mmoja tu. Versalles alichaguliwa mchezaji bora wa ligi. Oliva aliongoza ligi kwa upigaji kwa mwaka wa pili mfululizo. Pascual alikuwa miongoni mwa warushaji. Wote watatu walikuwa wameandikishwa na mtu mmoja, kwa fedha ambazo hazingetosha kumwandikisha kijana mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akigombewa na klabu kadhaa.

Je, tumhukumu vipi? Watetezi wake husema kwamba bila yeye vijana wale wangebaki katika miwa, na kwamba aliishi nao, akawajua kwa majina, akawafungulia ulimwengu. Yote hayo ni kweli. Oliva aliingizwa katika Jumba la Mashujaa mwaka 2022, na mlango wa kwanza wa safari hiyo ulifunguliwa na Cambria. Lakini Versalles, aliyefika Marekani kijana asiyejua Kiingereza, alimaliza maisha yake katika ufukara, akafikia hatua ya kuuza nishani zake, na alifariki mwaka 1995 akiwa na miaka 55. Kosa la msingi halikuwa la mtafutaji peke yake. Mnunuzi hutafuta bei ndogo; hiyo ndiyo kazi yake. Kosa lilikuwa kwamba upande wa muuzaji hapakuwa na mtu. Serikali za Kuba za wakati ule zilijua kupima magunia ya sukari bandarini, lakini hazikumweka hata karani mmoja wa kuusoma mkataba wa kijana kabla hajapanda meli.

Somo hilo lilichukua muda mrefu kueleweka. Mwezi wa Desemba 2018 wakuu wa besiboli ya Marekani na shirikisho la Kuba walitia saini makubaliano ambayo yangewawezesha wachezaji kuondoka kwa njia ya halali, huku klabu inayomchukua mchezaji ikililipa shirikisho fungu la fedha juu ya malipo ya mchezaji mwenyewe. Kwa mara ya kwanza kisiwa kingepata kitu kutokana na kipaji kilichokilea. Mwezi wa Aprili 2019 serikali ya Marekani iliyafuta makubaliano hayo kabla hayajazaa tunda. Lakini wazo lenyewe lilikuwa sahihi, nalo lilichelewa kwa zaidi ya miaka themanini.

Watafutaji wa vipaji hawakwisha na Cambria. Huja wakitafuta wachezaji wa mpira wa miguu, wanariadha, waimbaji, wauguzi na mabaharia, na wengi wao ni watu wema wenye tabasamu kama la Papa Joe. Hatuna haja ya kuwafukuza, wala haifai kuwazuia vijana wetu wasitafute riziki mbali. Tunachowaomba wenye mamlaka ni jambo dogo lisilohitaji bajeti kubwa: mkataba wowote unaomtoa kijana kisiwani usomwe kwanza kwa lugha anayoielewa, mbele ya mzazi wake na mbele ya afisa anayejua sheria, nao uandikwe katika daftari la serikali. Zao la shambani halipandi meli bila hati. Mtoto wa mtu naye asipande bila hati iliyosomwa.